Alfred Büchi: Mswisi aliyeupa kazi moshi wa injini

LORI lenye shehena ya mbolea linapoanza kuupanda mlima Kitonga, mkoani Iringa, mtu aliyekaa pembeni mwa dereva husikia mlio mwembamba kama wa filimbi ukipanda pamoja na ngurumo ya injini. Mlio huo ni wa turbo. Lori lenye turbo inayolifaa hupanda polepole lakini bila kuhema. Lenye turbo isiyolifaa, hata kama kifaa chenyewe ni kipya na kimenunuliwa kwa bei kubwa, hutanda moshi mweusi nyuma yake, dereva hushuka hadi gia ya chini kabisa, na dizeli iliyopigiwa hesabu ya kufika Makambako huisha njiani.

Wenye malori, matrekta na mashine za kusaga wanaijua vizuri bei ya turbo. Aliyeibuni hawamjui sana, ingawa katika historia ya injini jina lake limekaa karibu na la Rudolf Diesel. Huyu ni Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi aliyefariki dunia mwaka 1959. Maisha yake yanafaa kusimuliwa kwenye kurasa za biashara kwa sababu moja kubwa: alipata wazo lake akiwa na miaka 26, lakini lilichukua miaka 20 mingine kuleta faida, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia kuhangaika na jambo ambalo hadi leo linawatia hasara wenye magari. Jambo hilo ni kuioanisha turbo na injini yake.

Mtoto wa kiwandani

Büchi alizaliwa Julai 11, 1879, katika mji wa Winterthur, kaskazini mwa Uswisi. Mji huo ulikuwa wa viwanda, na kiwanda kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Sulzer, ambako baba yake, Johann, alikuwa mmoja wa viongozi. Kwa bahati, mwaka huo huo kijana mmoja wa Kijerumani aitwaye Rudolf Diesel alikuwa akijifunza kazi kwa vitendo katika karakana hizo hizo za Sulzer. Mtoto alikuwa kwenye utoto, na mtu ambaye injini yake mtoto huyo angekuja kuiongezea nguvu alikuwa akishika tupa na nyundo mitaa michache kutoka hapo.

Mwaka 1899 Büchi aliingia chuo kikuu cha ufundi cha shirikisho mjini Zurich kusomea uhandisi wa mitambo, akahitimu mwaka 1903. Baadaye alikwenda kufanya kazi Ubelgiji na Uingereza. Wakati huo injini ya dizeli ilikuwa bado ngeni. Sulzer walikuwa wametengeneza ya kwanza nchini Uswisi mwaka 1898, na kila mhandisi kijana alitaka kujua namna ya kuifanya iwe nyepesi na yenye nguvu zaidi.

Büchi alianza na hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote angeielewa. Katika kila shilingi 100 za mafuta zinazoingia kwenye injini, zinazofanya kazi ya kuzungusha magurudumu au jiwe la kusagia ni thelathini na kitu hadi arobaini. Nyingine huishia kwenye maji ya rejeta. Kiasi kinachokaribia theluthi hutoka nje kupitia bomba la moshi kikiwa joto na mgandamizo, kikapotea hewani. Wengi waliuona moshi kuwa uchafu wa kuondoa haraka. Büchi aliuona kuwa ni mafuta yaliyokwisha kulipiwa.

Novemba 16, 1905, alipata hataza namba 204630 katika ofisi ya hataza ya Ujerumani. Wazo lilikuwa kuupitisha moshi kwenye pangaboi la chuma kabla haujatoka nje, pangaboi hilo lizunguke, na kwenye shafti hiyo hiyo liwepo pangaboi jingine la kusukuma hewa safi ndani ya injini. Injini inayopewa hewa nyingi inaweza kuunguza mafuta mengi zaidi kwa kila mzunguko, na hivyo kutoa nguvu kubwa bila kuongezwa ukubwa. Turbo ya leo, iwe ya Fuso, ya Scania au ya trekta, bado inafuata mpango huo.

Miaka ya kulisha kisicholipa

Ukiusoma kwenye karatasi, mpango wa mwaka 1905 unaonekana umekamilika. Ulipofika karakana, mambo yalikuwa mengine. Büchi alirudi Winterthur akaajiriwa na Sulzer, na kuanzia mwaka 1911 kulikuwa na mtambo wa majaribio. Mapangaboi ya kusukuma hewa ya enzi hizo yalikuwa dhaifu, yakipoteza sehemu kubwa ya nguvu yaliyopewa na moshi. Vyuma navyo havikuhimili joto la moshi kwa saa nyingi. Mwaka 1915 ilitokea injini ya mfano iliyokusudiwa kuziwezesha ndege kutopoteza nguvu zikiwa juu, ambako hewa ni nyepesi. Haikutegemeka, na kazi ikarudi mezani.

Wengine hawakulala. Nchini Ufaransa, Auguste Rateau alifunga turbo kwenye injini za ndege wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nchini Marekani, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric aliipeleka injini ya ndege aina ya Liberty kwenye kilele cha Pikes Peak mwaka 1918, zaidi ya mita 4,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa anayeujua Mlima Kilimanjaro, hapo ni juu ya kibanda cha Horombo na chini ya kile cha Kibo. Injini iliyotoa nguvu za farasi 350 ikiwa chini ilitoa 230 tu kileleni. Ilipofungwa turbo ilitoa 356. Anayeendesha mashine Njombe au Mbeya asilione hilo kuwa jambo la mbali: kwenye mita 1,700 hewa ni pungufu kwa kama asilimia 15 hadi 20 kuliko ile ya Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo huusikia upungufu huo kila siku.

Katika miaka hiyo yote mshahara wa Büchi ulilipwa na Sulzer. Jambo hili hupitwa haraka na wanaosimulia uvumbuzi, ilhali kiuchumi lina uzito. Mtu mmoja akitegemea mfuko wake asingeweza kungoja miaka 15 bila mauzo. Alikuwa mkuu wa utafiti wa dizeli, alikuwa na kazi nyingine zilizoleta fedha, na turbo iliendelea kuishi pembeni mwa kazi hizo.

Tatizo la kipimo

Kwa nini turbo ile haikuwa ikilipa? Sababu mojawapo ni kwamba turbo haina ubora wake peke yake. Ubora wake hutegemea injini iliyounganishwa nayo.

Njia ya moshi ikiwa nyembamba na pangaboi likiwa dogo, turbo huamka mapema. Hata injini ikizunguka polepole, moshi mchache unatosha kuizungusha. Lakini injini ikikimbia, moshi mwingi hukutana na mlango mwembamba, hubanwa na kurudisha mgandamizo kwenye silinda. Pistoni hulazimika kutumia nguvu kuusukuma nje, joto hupanda, na nguvu iliyopatikana upande wa hewa huliwa upande wa moshi. Njia ikiwa pana na pangaboi likiwa kubwa, mambo hugeuka. Kwenye kasi kubwa injini hupumua vizuri na kutoa nguvu nyingi, ila kwenye kasi ndogo moshi haufui dafu. Dereva hukanyaga mafuta, husubiri, na nguvu huja wakati mlima umeshamtesa.

Büchi aligundua pia kwamba kuna tatizo ambalo kubadilisha ukubwa peke yake hakukulimaliza. Moshi hautoki kwa mkondo mtulivu kama maji ya bomba. Hutoka kwa mapigo, kila silinda na zamu yake. Silinda zote zikimwaga moshi kwenye bomba moja, pigo la moja hukutana na pigo la nyingine, kama abiria wanaoshuka na wanaopanda daladala kwa mlango mmoja kwa wakati mmoja. Mwaka 1925 aliandikisha jibu lake. Mabomba yagawanywe, silinda ambazo mapigo yake hayagongani ziwekwe pamoja, na kila kundi liwe na njia yake hadi kwenye pangaboi. Aidha, valvu ya hewa ifunguliwe kabla ile ya moshi haijafungwa, ili hewa safi ifagie silinda, iondoe moshi uliobaki na kupoza vyuma.

Kwa kipimo cha uvumbuzi, huenda hataza hiyo ya mwaka 1925 inastahili heshima kubwa kuliko ile ya 1905. Ya kwanza ilisema kitu gani kifanyike. Hii ilisema kifanyikeje ili kilipe.

Meli mbili na uamuzi wa kuacha kazi

Matokeo yalionekana baharini. Ujerumani ilikuwa ikijenga meli mbili za abiria, Preussen na Hansestadt Danzig, za kuhudumia Prussia Mashariki, eneo ambalo baada ya vita lilikuwa limetenganishwa na nchi yote kwa ardhi ya Poland. Injini zake za dizeli zilikuwa za silinda 10. Bila turbo, injini ilitoa nguvu za farasi 1,750. Ikiwa na turbo iliyosanifiwa na Büchi ilitoa 2,500. Ni ongezeko la zaidi ya asilimia 40 kutoka kwenye chuma kile kile, katika chumba kile kile cha mitambo. Mwenye meli alikuwa amepata karibu nusu ya injini ya pili bila kupoteza nafasi ya mizigo.

Mwaka 1926, akiwa na miaka 47, Büchi aliacha kazi Sulzer, kiwanda alichofanyia kazi baba yake. Alianzisha ushirika uliojulikana kwa jina lake, na mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi. Yeye alishika usanifu na wateja. Kampuni ya Brown Boveri ya mjini Baden, iliyokuwa na uzoefu wa mitambo ya mvuke na tayari ilikuwa imetoa turbo yake ya kwanza mwaka 1924, ilitengeneza turbo zenyewe. Kiwanda cha vichwa vya treni cha Winterthur kilitoa injini za majaribio. Büchi hakujenga kiwanda, na hapo alionyesha busara ya kibiashara. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa kuoanisha turbo na injini, na aliuza huo kwa watengenezaji wa injini za nchi mbalimbali, huku mtaji mzito wa mashine na kalibu ukibebwa na mwingine.

Baada ya meli zikafuata treni na mitambo ya umeme. Mwaka 1938 kampuni ya Saurer, pia ya Uswisi, ilitoa injini ya lori yenye turbo. Katikati ya miaka ya 1950 turbo iliingia kwenye tingatinga la Caterpillar D9 nchini Marekani, na kutoka hapo njia ya kwenda mashambani ilikuwa fupi. Büchi alifariki Winterthur mwezi Oktoba 1959, akiwa na miaka 80. Magari madogo ya kwanza yenye turbo kuuzwa kwa umma, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair, yalitoka miaka mitatu baadaye.

Injini asiyoiona ikifungwa turbo

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa kifo chake, kampuni ya NSU ya Ujerumani ilitangaza injini ya aina mpya iliyobuniwa na Felix Wankel. Haina pistoni zinazopanda na kushuka. Ndani yake rota yenye pembe tatu huzunguka katika chumba chenye umbo linalokaribia yai, na pembe zake huvuta hewa, huibana, huiunguza na kuitoa. Mazda ya Japani ndiyo iliyoishikilia kwa muda mrefu kuliko wote, na mwaka 1982 ilitoa gari aina ya Cosmo, rotari ya kwanza yenye turbo kuuzwa madukani.

Hapo swali la Büchi lilirudi likiwa gumu zaidi, na linaonyesha vizuri kwa nini turbo haichaguliwi kwa macho. Rotari ya Mazda iitwayo 13B huandikwa kuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 1,308. Mtu akiona namba hiyo hufikiria turbo ya gari dogo la familia. Lakini katika rotari kila rota huwaka mara moja kwa kila mzunguko wa shafti, wakati pistoni ya kawaida huwaka mara moja kwa mizunguko miwili. Kwa hiyo injini hiyo hupumua kama ya pistoni yenye ujazo wa lita 2.6. Mwenye kufunga turbo ya lita 1.3 ameikaba koo.

Halafu kuna moshi wenyewe. Rotari haina valvu inayofunguka taratibu. Pembe ya rota hulipita tundu na moshi hutoka kwa kishindo, ukiwa bado unawaka, na joto lake huweza kuvuka nyuzi 900. Moshi wa namna hiyo una nguvu ya kutosha kuzungusha pangaboi kubwa, ndiyo maana mafundi wa rotari huchagua nyumba ya moshi iliyo pana kuliko ambayo wangechagua kwa pistoni yenye nguvu sawa. Wakibana, joto hujirundika ndani, na kinachoumia kwanza ni vipande vyembamba vya chuma vinavyoziba pembe za rota. Kimoja kikivunjika, injini nzima hufunguliwa. Gharama hiyo inaweza kuzidi bei ya turbo mara kadhaa, na mwenye gari huwa amebana shilingi ndogo na kupoteza kubwa.

Mazda walijaribu njia mbalimbali. Katika RX-7 ya pili, ya katikati ya miaka ya 1980, nyumba ya moshi iligawanywa njia mbili, na moja ilifungwa injini ikienda polepole ili moshi mchache upite kwa kasi. Mabadiliko ya mwaka 1989 yaliipa kila rota njia yake hadi kwenye pangaboi. Aliyeisoma hataza ya mwaka 1925 angeitambua kazi ya Mswisi yule mara moja. RX-7 ya tatu, ya mwaka 1991, ilifungwa turbo mbili ndogo: moja huanza kazi mapema, ya pili hujiunga injini ikifika kama mizunguko 4,500 kwa dakika. Ilitoa nguvu za farasi 255, lakini mipira na valvu za kuziamuru turbo hizo ni nyingi mno, na joto la chumba cha injini huzizeesha.

Wengi waliobaki na magari hayo huzitoa turbo mbili na kufunga moja kubwa. Fundi mzuri kwanza huuliza gari litatumika wapi. La barabarani, ambalo injini yake hukaa sana kati ya mizunguko 2,500 na 5,000, hupewa ya wastani. La mashindano, lisiloshuka chini ya 5,000, hupewa kubwa. Ukubwa wa nyumba husomwa kwenye namba iliyochongwa juu yake, kama 0.82 au 1.00, na namba ikipanda, njia ya moshi ni pana zaidi. Anayenunua turbo iliyotumika Gerezani kwa ajili ya lori lake naye aitafute namba hiyo pamoja na kibao cha modeli, avilinganishe na ile iliyotolewa, badala ya kuridhika kwamba tundu za bolti zinalingana. Turbo mbili zinaweza kushika bolti zile zile na zikatofautiana kabisa ndani.

Mazda waliacha kuuza RX-8, rotari isiyo na turbo, mwaka 2012. Upande wa meli, kazi iliyoanzishwa na Brown Boveri mjini Baden haikukoma. Kampuni hiyo iliungana na nyingine mwaka 1988 kuwa ABB, na mwaka 2022 sehemu yake ya turbo ilijitenga na kuitwa Accelleron, makao yake yakiwa bado Baden. Turbo za meli kubwa ni ndefu kuliko mtu, na kila aina ya injini hufanyiwa hesabu zake kabla haijafungwa. Injini za namna hiyo ndizo zinazosukuma meli zinazoleta mbolea Dar es Salaam na Mombasa na kuondoka na kahawa.